Viatu kwanza, mama: kuchagua mabuti ya kuwinda yenye joto kwa watoto wetu walio katika nchi za baridi

Siku ya posho iliyopita tulikuwa tumemaliza kuhesabu pesa za likelemba. Wamama walikuwa wanasimama, wengine wakifunga vitenge vyao, wengine wakiita watoto waliokuwa wanacheza nje. Mama mwenzetu mmoja alibaki amekaa, simu mkononi. Tulimuuliza kama anaumwa. Hakujibu. Akatusikilizisha sauti aliyotumiwa na mtoto wake wa kiume, anayeishi Marekani katika jimbo la Maine.

Kijana alieleza kwamba katikati ya mwezi wa Novemba mwenzake wa kazi alimwalika waende pamoja porini kutafuta kulungu. Alifurahi sana, maana babu yake alikuwa mwindaji katika milima ya Itombwe, na tangu utoto alisikia habari za mbwa na mitego. Yeye hakubeba bunduki. Alikwenda tu kusindikiza na kujifunza. Walitoka saa kumi ya usiku. Walivuka kijito kidogo, kisha wakapanda kwenye jukwaa lililofungwa juu ya mti, wakakaa kimya wakingoja. Miguuni alikuwa amevaa viatu vya michezo vya kitambaa na soksi mbili mbili za pamba.

Kwanza vidole viliuma sana. Kisha maumivu yakaisha, naye akafikiri kwamba amezoea. Waliposhuka, mwenzake alimwona anatembea kama mtu anayetembea juu ya vijiti, akamkimbiza hospitali. Mungu ni mwema, hakuna kidole kilichokatwa. Lakini vidole vilitoa malengelenge, ngozi ikachubuka, naye akakaa majuma matatu bila kazi.

Kilichotunyamazisha sote si habari ya baridi. Ni jibu la mwisho. Mama yake alikuwa amemuuliza: “Mwanangu, hukuwa na pesa ya kununua viatu vya kufaa?” Kijana akajibu: “Nilikuwa nayo, mama. Ni ile niliyokutumia ya minerval ya wadogo.”

Hakuna mama aliyetoka tena. Tulikaa karibu saa nzima. Kila mmoja wetu ana mtoto, ndugu au shemeji aliye mbali, na kila mmoja wetu amekwisha kuandika ujumbe wa kuomba: minerval, dawa, kodi ya nyumba, matanga. Je, ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza: “Na miguuni unavaa nini?” Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo juma hili tumeamua kuujua vizuri ule usiotulaza sisi. Tumewauliza watoto na ndugu zetu walio kule, tumemuuliza mama muuguzi wa kundi letu, na hapa tunawaletea yale tuliyojifunza juu ya mabuti yenye joto na bei inayowezekana.

Baridi ya kule si hii yetu

Sisi wa Kivu tunafikiri tunajua baridi. Mama wa Minembwe, wa Masisi au wa Lubero anaamka asubuhi na kuona pumzi yake kama moshi. Hata theluji ipo kwetu: juu ya Ruwenzori, mlima wenye urefu wa metre 5,109 unaotutenganisha na Uganda, bado kuna barafu, na asubuhi yenye anga safi watu wa upande wa Beni wanaiona ikiwaka kwa jua. Lakini sisi tunaitazama kwa mbali. Mtoto wetu aliye Maine anaikanyaga.

Kule, katika mwezi wa Januari, usiku unaweza kushuka mpaka digrii 10 chini ya sufuri na zaidi, na majira ya baridi yanaendelea miezi mitano. Watu wetu wako wengi pale. Katika mwaka wa 2019 mamia ya watu waliokuwa wanaomba hifadhi, wengi wao kutoka Congo na Angola, walifika katika mji wa Portland kwa muda wa majuma machache, hata mji ukawalaza katika jumba la michezo. Walifika wakati wa joto, wamevaa kandambili. Theluji iliwakuta mbele.

Mama muuguzi alitueleza sababu ya miguu kuumia kwanza. Mwili ukipata baridi, unalinda moyo na tumbo. Mishipa ya damu ya mikono na miguu inajifunga ili damu yenye joto ibaki katikati. Kwa hiyo vidole vya miguu, vilivyo mbali na moyo na karibu na udongo wa baridi, vinabaki kama nyumba ya mwisho wa barabara ambayo umeme haufiki. Kiatu chembamba kinapoteza joto kwa chini. Kiatu kilicholowa kinalipoteza haraka zaidi. Na kiatu kinachobana kinazuia hata ile damu kidogo iliyobaki.

Kwa nini mabuti ya kuwinda?

Mama mmoja aliuliza: “Mtoto wangu anafanya kazi ya kupanga vitu katika depo. Mabuti ya kuwinda yanamhusu nini?” Ni swali zuri.

Viatu vingi vya baridi vimetengenezwa kwa mtu anayetembea. Anayetembea anajipasha joto mwenyewe. Lakini mwindaji wa kule hakimbizi mnyama kama babu zetu. Anakaa kimya saa tatu, saa nne, katika baridi ya alfajiri, juu ya udongo wenye maji na theluji. Kwa hiyo mabuti yake yametengenezwa kwa mtu ambaye hatikisiki. Sasa fikiri juu ya mtoto wako: anangoja bisi saa kumi na moja asubuhi, anasimama kwenye mlango wa depo, anaondoa theluji mbele ya nyumba kwa pawa. Yeye naye anasimama sana katika baridi. Buti la mwindaji linamfaa, nalo linaweza kupatikana kwa bei ndogo kuliko mabuti ya mtindo yanayouzwa katika maduka ya mjini.

Katika Maine hiyohiyo kuna habari inayojulikana sana juu ya mabuti haya. Mwindaji mmoja aliyeitwa Leon Leonwood Bean alichoka kurudi nyumbani na miguu iliyolowa. Akamwomba fundi amshonee ngozi nyepesi juu ya sehemu ya chini ya mpira: mpira uzuie maji, ngozi imwachie mguu kupumua. Katika mwaka wa 1912 akaanza kuyauza kwa njia ya posta. Katika jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa, maana mshono kati ya ngozi na mpira uliachana. Bean aliwarudishia watu pesa zao zote, akakopa pesa nyingine, akatengeneza upya. Jina lake lingali juu ya duka kubwa la mji wa Freeport mpaka leo.

Tunaipenda habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, inatufundisha mahali pa kuangalia mbele ya kununua: pale ngozi inapokutana na mpira. Ya pili, inatukumbusha kwamba mfanyabiashara anayerudisha pesa hapotezi. Sisi tunaouza sokoni tulisikie hilo.

Mambo matano ya kuangalia

La kwanza ni namba ya joto. Ndani ya mabuti mengi ya kuwinda kuna kitambaa kinachozuia joto lisitoke. Jina lake linalojulikana zaidi ni Thinsulate. Kwenye kiatu au kwenye karatasi yake kumeandikwa gramu: 200, 400, 800, 1000 au zaidi. Hizo gramu si uzito wa kiatu. Ni uzito wa kile kitambaa katika eneo la metre moja ya mraba. Namba ikiwa kubwa, kitambaa ni kinene na joto linabaki zaidi. Kwa kukadiria, gramu 200 zinamtosha mtu anayetembea sana katika baridi ndogo. Gramu 400 ni za anayetembea na kusimama. Gramu 800 ni za anayesimama muda mrefu katika baridi kali. Gramu 1000 na kuendelea ni za anayekaa bila kutikisika. Usimwambie mtoto achukue namba kubwa kuliko zote. Anayebeba mizigo na kutembea siku nzima akivaa gramu 1000, miguu itatoka jasho, soksi zitalowa, na akisimama jasho lile litageuka baridi. Anayefanya kazi ya kutembea, gramu 400 zinamtosha mara nyingi. Anayengoja nje, 800.

La pili ni maji. Hapa usikubali neno la muuzaji peke yake. Kuna mabuti yanayovumilia matone na kuna mabuti yasiyoingiza maji kabisa. Mpira wote mpaka kwenye kifundo cha mguu unazuia maji bila shaka. Katika mabuti ya ngozi, mazuri yana utando wa ndani unaozuia maji lakini unaacha jasho litoke. Gore-Tex ndilo jina linalojulikana. Na ulimi wa kiatu uwe umeshonwa pande zote mbili mpaka juu, maana theluji na maji vinaingia hasa pale kwenye kamba.

La tatu ni kipimo. Kosa kubwa ni kununua buti linalokaa sawasawa kama kiatu cha misa. Mtoto apime akiwa amevaa soksi nene, wakati wa mangaribi, maana mguu unavimba kidogo mchana. Vidole viweze kuchezacheza ndani, na mbele pabaki nafasi kama upana wa kidole gumba. Ile hewa kidogo iliyo ndani nayo inashika joto. Lakini kisigino kisipande na kushuka, kwa kuwa kitachubuka. Kumbuka pia kwamba namba za Marekani si zetu. Kule 42 yetu inakaribia 9 ya wanaume, na namba za wanawake zinatofautiana na za wanaume. Kwa hiyo aliye mbali na duka achore mguu wake kwenye karatasi, apime kwa santimetre kutoka kisigino mpaka kidole kirefu, na atumie kipimo hicho.

La nne ni soli. Ipindue. Iwe nene, maana baridi nyingi inatoka chini. Iwe na mitaro yenye kina ya kushika theluji. Lakini juu ya barafu laini hakuna soli inayotosha. Watu wa kule wananunua vimeno vidogo vya chuma vinavyofungwa kwa mpira chini ya kiatu na kuondolewa mtu akiingia ndani. Kwa mama mjamzito au mzee aliye kule, hivyo si anasa. Kuanguka kwenye barafu kumevunja mikono na nyonga za wengi.

La tano ni ncha ya kiatu. Kazi nyingine zinadai viatu vyenye kofia ngumu mbele ya kulinda vidole. Kama kofia hiyo ni ya chuma, inavuta baridi kama sufuria iliyolala nje. Kuna kofia za namna nyingine, zisizo za chuma, zinazolinda bila kugandisha. Mtoto aulize hapo kazini kama zinakubaliwa.

Soksi: pale pesa ndogo inafanya kazi kubwa

Yule kijana alivaa soksi mbili mbili, naye alifikiri amefanya akili. Makosa yalikuwa mawili. Soksi za pamba zinakunywa jasho na maji, kisha zinabaki baridi juu ya ngozi. Na soksi nyingi ndani ya kiatu kimoja zinabana mguu mpaka damu inashindwa kupita.

Soksi moja nene ya sufu ya kondoo ni bora kuliko tatu za pamba. Sufu ikilowa kidogo, bado inashika joto. Anayetoka jasho sana anaweza kuvaa chini yake soksi moja nyembamba, isiyo ya pamba. Na katika mfuko abebe soksi nyingine kavu. Kubadilisha soksi saa sita mchana ni dawa isiyouzwa katika farmasi yoyote.

Bei bila kumaliza mfuko

Hapa wamama wote walisogeza viti. Jipya lenye jina kubwa linaweza kupita dola 200. Lakini kuna njia nyingine.

Maduka ya vitu vilivyokwisha kuvaliwa yako katika kila mji wa kule. Goodwill ni moja linalojulikana. Hiyo ni mitumba kama yetu, na sisi hatuna haya ya mitumba. Ila katika buti la mitumba mtoto aingize mkono ndani mpaka mbele akisikiliza kama kuna unyevu au kitambaa kilichochanika, akunje soli aone kama mpira umepasuka, na atazame ule mshono wa Bean. Buti lenye ufa ni la kuacha hata likiuzwa dola moja.

Maduka ya vifaa vya wakulima yanauza mabuti ya nguvu kwa bei ya mtu wa kazi. Na msimu ukikaribia kuisha, tangu Februari na Machi, maduka mengi yanapunguza bei ili kuondoa vitu vya baridi. Anayejua kwamba atakuwa kule mwaka ujao anunue wakati huo. Kwa aliyefika jana, asingoje: makanisa na mashirika yanayopokea wageni mara nyingi yanagawa makoti na viatu. Mwambie mtoto wako kwamba kuomba viatu si aibu.

Kwa watoto wadogo, ambao mguu unakua kila mwaka, mabuti ya mitumba ndiyo yanayofaa. Kuongeza namba moja ni sawa. Kuongeza tatu ili “akue ndani yake” ni kumwangusha mtoto.

Na tupige hesabu kama tunavyopiga sokoni. Buti la dola 90 likidumu majira matatu ya baridi, ni dola 30 kwa kila majira. Buti la dola 35 likipasuka katikati ya majira ya kwanza, atanunua lingine, tayari ni 70 kwa mwaka mmoja. Na majuma matatu bila mshahara ni bei gani? Mama mwenzetu alipiga hesabu hiyo mbele yetu kwa vidole vyake, akanyamaza.

Kuyatunza yadumu

Mtoto akirudi nyumbani afungue kamba mpaka chini na atoe soli ya ndani. Mabuti mengine yana soksi nzito ya ndani inayotoka yote. Iyo ndiyo nzuri zaidi, kwa kuwa inakauka kila usiku. Ajaze karatasi za gazeti ndani, zivute unyevu, na abadilishe zikilowa. Asiyaweke karibu na moto au juu ya mashine ya joto: ngozi itapasuka na gundi itaachia. Kule wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi ile inakula ngozi. Apanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, yakauke, kisha apake mafuta ya viatu yanayozuia maji.

Dalili za hatari ambazo kila mama azijue

Mama muuguzi alituomba tuandike sehemu hii kwa herufi ya moyo. Maumivu ya baridi yakiisha ghafula wakati mtu angali barizini, usishangilie. Ni hatari. Kidole kikikosa kusikia, ngozi ikawa ngumu kama nta na kubadilika rangi, baridi inaanza kukigandisha. Juu ya ngozi yetu nyeusi weupe ule hauonekani haraka kama kwa Wazungu. Inaweza kuwa kijivu au kukosa mng'ao tu. Kwa hiyo aguse, asitazame tu.

Afanye nini? Aingie mahali penye joto na avue vitu vilivyolowa. Asisugue, wala kwa mkono wala kwa theluji. Asiweke mguu karibu na moto, kwa sababu mguu usiosikia unaungua bila mwenyewe kujua. Aingize mguu katika maji ya vuguvugu ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko, kama tunavyopima ya kumwogesha mtoto mchanga. Lakini kama bado atarudi barizini na mguu utaganda tena, ni heri asiuyeyushe mpaka afike mahali salama. Kisha hospitali, bila kungoja kesho. Pombe haipashi joto, inalitoa mwilini. Na sigara inafunga mishipa ya damu. Mwenye ugonjwa wa sukari, mzee na mtoto mdogo wajilinde zaidi.

Kama anakwenda kuwinda kweli

Hatukatazi. Kulungu mmoja anajaza friji ya familia, na nyama kule ni ghali. Lakini porini kule kuna sheria. Katika Maine mwindaji anatakiwa kuwa na kibali, na mtu mzima anayeomba cha kwanza anajifunza kwanza usalama wa kuwinda. Wakati wa kulungu kwa bunduki, mwindaji anavaa rangi kali ya machungwa kichwani na kifuani ili wengine wasimdhanie kuwa mnyama. Anayesindikiza avae vilevile. Siku ya yenga kuwinda kumekatazwa. Na mgeni asiguse bunduki mbele ya kuuliza sheria inayohusu karatasi zake, maana kosa dogo hapo linaweza kuharibu safari nzima ya familia. Tena kuna kupe wanaoleta ugonjwa unaoitwa Lyme: suruali iingizwe ndani ya buti au soksi, na jioni ajichunguze mwili mzima.

Na sisi wa milimani?

Mama mmoja aliyetoka Masisi alisema: “Mnasema tu ya Marekani. Mimi ninalima viazi katika bote za mpira, na asubuhi miguu inakufa.” Ana haki. Bote ya mpira inazuia maji yasiingie, lakini inazuia pia jasho lisitoke, nayo haina kitambaa cha joto.

Yale tuliyojifunza yanafaa hapa pia. Nunua bote kubwa kidogo, si ya kubana. Kata soli ya ndani kutoka kwenye blanketi nzee nene, mbili mbili kwa kila mguu, ili moja ikauke wakati nyingine iko kazini. Tafuta soksi za sufu katika mitumba. Watu wanaziacha kwa sababu zinakwaruza, nazo ndizo za thamani. Sweta ya sufu iliyotoboka inaweza kukatwa na kushonwa soksi za watoto. Na jioni pindua bote kichwa chini, zisilale na unyevu. Miguu inayobaki imelowa siku nyingi inaharibika hata bila barafu.

Tuliyoafikiana

Mbele ya kuachana tulifanya mapatano, nasi tunayaleta kwa makundi mengine yote yanayosoma gazeti hili. Kila mama mwenye mtoto katika nchi ya baridi atamwandikia juma hili, mbele ya ombi lingine lolote, maneno haya au yanayofanana nayo: “Nunua viatu kwanza. Ukisha kununua, unitumie picha. Ya minerval tutazungumza baadaye.”

Mama mmoja alilalamika kwamba minerval haingoji, na shule itamfukuza mtoto. Ni kweli, nasi hatukumficha ukweli huo. Ndiyo maana tulikata neno la pili: kutoka likelemba yetu tutaweka pembeni franga kidogo kila juma, ili mama ambaye mtoto wake anunua viatu mwezi huu akopeshwe minerval na kundi, bila riba, na kurudisha pole pole. Kama watoto wetu wanatubeba kutoka mbali, sisi nasi tuwabebe kidogo kutoka hapa.

Mama mwenzetu alituma ujumbe wake palepale, mbele yetu sote. Siku ya pili picha ilifika: mabuti ya kahawia, mpira chini, ngozi juu, gramu 800, kutoka duka la mitumba. Kando yake soksi mbili za kijivu za sufu. Chini kijana ameandika: “Zinakwaruza, mama, lakini nasikia vidole vyangu vyote kumi.”

Tuonane siku ya posho ijayo. Kila mama aje na picha yake.